Ubwari: Mwili wote unauma, labo haioni kitu. Matibabu gani yanasaidia kweli?

Leo ni shingo, kesho mgongo, keshokutwa mabega na magoti. Mtu analala saa 8 lakini anaamka amechoka kama aliyelima usiku kucha. Anapimwa malaria, anapimwa tifoide, ananunua dawa, anawekewa serumu, na baada ya wiki mbili maumivu yamerudi palepale. Katika familia nyingi za Baraka, Fizi na vijiji vya rasi ya Ubwari, jimboni Kivu ya Kusini, hali hiyo huitwa rimatisme. Wengine huiita uchovu wa shamba. Wengine husema mtu amelogwa.

Kuna jina ambalo halijulikani sana: fibromialjia. Ni ugonjwa wa maumivu ya muda mrefu yanayoenea mwili mzima, na wataalamu wanakadiria kwamba unagusa watu kama 2 hadi 4 kati ya kila 100 duniani, wengi wao wanawake. Hauui na hauharibu mifupa wala viungo. Lakini unaweza kummaliza mtu nguvu, kumaliza akiba ya nyumba na kuvunja ndoa, hasa pale ambapo kila mtu anamwambia mgonjwa kwamba hana kitu.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya matibabu yanayosaidia haihitaji mashine wala safari ya ndege. Habari mbaya ni kwamba vitu ambavyo wagonjwa hulipia pesa nyingi zaidi, yaani sindano na serumu za kurudia-rudia, ndivyo visivyosaidia.

Redio iliyofunguliwa sauti kupita kiasi

Katika mwili wa kawaida, maumivu ni kengele. Ukijikata na panga, mishipa ya fahamu inapeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo, nawe unavuta mkono. Kidonda kikipona, kengele inanyamaza.

Kwa mwenye fibromialjia kengele hainyamazi. Uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kwamba ubongo na uti wa mgongo wake vinapokea habari za kawaida na kuzikuza, kama redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho. Kuguswa kidogo begani kunauma. Ndoo ya maji aliyoizoea inakuwa mzigo mkubwa. Baridi ya asubuhi, kelele na mwanga vinamsumbua kuliko wengine. Maumivu hayo si ya kubuni. Ni ya kweli, ila chanzo chake hakiko kwenye goti wala mgongoni bali katika njia zinazobeba habari za maumivu.

Pamoja na maumivu huja uchovu, usingizi usiopumzisha, kusahau maneno katikati ya mazungumzo, kichwa kuuma, na tumbo linalojaa gesi au kubadilika kati ya kuhara na kufunga choo. Wengi pia hupata huzuni au wasiwasi. Mambo hayo yakitokea kwa pamoja, mgonjwa huzunguka kutoka kituo kimoja hadi kingine, na kila mahali anatibiwa kipande kimoja.

Shirika la Afya Duniani, OMS, limeingiza maumivu ya namna hii katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Humo maumivu yanayodumu yanatambuliwa kuwa yanaweza kuwa ugonjwa wenyewe, si dalili ya ugonjwa mwingine tu.

Kwa nini labo haioni

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya radio inayoonyesha fibromialjia. Daktari au muuguzi anaitambua kwa kuuliza, kusikiliza na kumgusa mgonjwa. Mwaka 1990 chama cha waganga wa viungo cha Marekani kiliweka kanuni ya kubonyeza sehemu 18 za mwili. Aliyeumia katika 11 au zaidi, na mwenye maumivu yaliyoenea, alihesabiwa kuwa na ugonjwa huo. Tangu 2010 kanuni mpya hazilazimishi kubonyeza. Zinaangalia maumivu yameenea wapi, yamedumu kwa muda gani, na kama yanakuja na uchovu, usingizi mbaya na kusahau.

Kwa lugha rahisi, mwili unagawanywa sehemu 5: juu kushoto, juu kulia, chini kushoto, chini kulia, na katikati, yaani shingo na mgongo. Maumivu yakiwa katika angalau sehemu 4 kwa miezi 3 au zaidi, pamoja na uchovu na usingizi usiopumzisha, fibromialjia inapaswa kufikiriwa.

Vipimo bado vina kazi yake: kuhakikisha hakuna ugonjwa mwingine unaofanana nao, au unaokwenda pamoja nao. Ukosefu wa damu, kisukari, ukimwi, homa ya ini, ugonjwa wa tezi ya shingo na ugonjwa wa viungo vinavyovimba vinaweza pia kuleta maumivu na uchovu.

Shida huanza pale vipimo vinaposomwa vibaya. Katika eneo la malaria kama pwani ya Ziwa Tanganyika, mtu mzima anaweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu bila kuwa mgonjwa. Kipimo cha Widal kinachotumiwa kutafuta tifoide kilibuniwa mwaka 1896, na kinaweza kuonyesha alama za maambukizi ya zamani au ya vijidudu vingine. Mwenye fibromialjia anayepimwa kila mwezi atapata «tifoide» mara nyingi, na kila mara ataandikiwa antibiotiki asizozihitaji.

Dawa zinazokula pesa bila kuponya

Serumu ya maji ya sukari au chumvi haina dawa ya maumivu ndani yake. Inamsaidia aliyeishiwa maji kwa kuhara au kipindupindu, ugonjwa ambao Baraka inaufahamu vizuri. Kwa maumivu ya mwili mzima haifanyi kitu zaidi ya kumlaza mtu kwa saa chache. Kinini bila malaria inavumisha masikio na inaweza kushusha sukari ya damu.

Diclofenac na ibuprofen hupunguza uvimbe. Katika fibromialjia hakuna uvimbe wa kupunguza, ndiyo maana dawa hizo husaidia kidogo sana au hazisaidii kabisa. Zikitumiwa kwa miezi, zinaweza kutoboa tumbo kwa vidonda, kupandisha presha na kuharibu figo.

Dexamethasone na prednisone ni hatari zaidi kwa sababu mwanzoni zinaleta nguvu na hamu ya kula, na mtu anadhani amepona. Hazitibu fibromialjia. Zikitumiwa kwa muda mrefu huvimbisha uso, hupandisha sukari, hulainisha mifupa na kufungulia mlango maambukizi kama kifua kikuu. Aliyezitumia kwa wiki nyingi asiziache ghafla. Aende kwa daktari ili zipunguzwe polepole.

Tramadol, ambayo katika miji mingi huuzwa bila karatasi ya daktari, ni ya jamii ya afyuni. Wataalamu wa Ulaya waliokutanisha utafiti mwaka 2016 waliiachia nafasi ndogo kwa baadhi ya wagonjwa, lakini walikataa afyuni kali. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 unashauri kutoanzisha afyuni kabisa kwa maumivu sugu ya aina hii, na unaweka paracetamol na dawa za kupunguza uvimbe katika orodha hiyohiyo ya zisizopaswa kuanzishwa. Mwili huizoea tramadol haraka, kipimo kinaongezeka, na ikizidi inaweza kuleta degedege au kuzuia pumzi.

Dawa ya kwanza ni kutembea

Wataalamu hao wa Ulaya walipima njia nyingi za matibabu, za vidonge na zisizo za vidonge. Moja tu ilipata pendekezo lenye nguvu: mazoezi ya mwili. Kutembea kwa haraka, kunyoosha viungo na mazoezi mepesi ya kuimarisha misuli hupunguza maumivu na kurudisha uwezo wa kufanya kazi.

Mama wa Ubwari anaposikia ushauri huo anaweza kucheka. Analima mihogo, anabeba kuni, anatwanga, anaanika ndagala, anatembea hadi sokoni na mzigo kichwani. Mazoezi gani tena?

Lakini kazi ya shamba na mazoezi ya matibabu si kitu kimoja. Kazi ya shamba inafuata mvua na njaa, si mwili. Siku maumivu yakipungua, mtu anataka kumaliza kazi zote za wiki: analima tangu asubuhi hadi jioni, anarudi na gunia. Kesho yake anashindwa kuinuka, na analala siku 3. Akipata nafuu anafanya vilevile tena. Kila mzunguko unaongeza uoga wa kutumia mwili, misuli inalegea, na maumivu yanapata nguvu.

Matibabu yanakata mzunguko huo kwa kanuni mbili. Ya kwanza ni kugawa kazi: kulima sehemu ndogo, kupumzika kabla maumivu hayajapanda, kisha kuendelea. Gunia moja linagawanywa mara mbili au tatu. Siku njema mtu hafanyi kazi ya siku 3, na siku mbaya halali kutwa nzima. Ya pili ni mwendo mdogo wa kila siku. Anaanza na dakika 5 au 10 za kutembea bila mzigo, mahali tambarare, asubuhi au jioni. Baada ya wiki moja au mbili anaongeza dakika chache, hadi afike dakika 30 mara kadhaa kwa wiki.

Katika wiki za kwanza maumivu yanaweza kupanda kidogo. Hiyo si alama kwamba mwili unaharibika. Kama yamezidi, anarudi nyuma kidogo, lakini haachi. Faida huonekana baada ya wiki nyingi, si siku 2, na hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema.

Usingizi nao ni sehemu ya matibabu. Kulala na kuamka saa zilezile, kuacha kahawa na chai kali tangu alasiri, kuweka simu mbali, kupunguza pombe na kulala ndani ya chandarua bila mbu wala joto kali husaidia mishipa ya fahamu kutulia. Maji ya moto na kukandwa polepole, jambo ambalo mabibi wa Fizi wanalijua tangu zamani, yanaweza kulegeza misuli na hayana madhara. Kuchanjwa kwa wembe na kuingizwa dawa za mizizi kwa njia ya haja kubwa ni jambo jingine. Huko kunaweza kuleta maambukizi na kuumiza utumbo na figo.

Kidonge kidogo cha usiku

Kwa wale ambao mwendo na usingizi peke yake havitoshi, kuna dawa. Ile inayoweza kupatikana kwa urahisi zaidi katika nchi kama RDC ni amitriptyline, dawa ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya huzuni kali na ambayo imo katika orodha ya OMS ya dawa muhimu. Kwa fibromialjia inatumiwa kwa kipimo kidogo sana, mara nyingi kuanzia miligramu 10 usiku, kisha inaongezwa polepole. Inasaidia usingizi na kupunguza sauti ya maumivu. Mtu kupewa amitriptyline haina maana kwamba daktari anamwona kichaa.

Haifanyi kazi kwa kila mtu. Wagonjwa wanaopata nafuu kubwa ni chini ya nusu, na inahitaji wiki kadhaa ili kujulikana. Inakausha mdomo, inafunga choo na kuleta usingizi mzito, kwa hiyo si ya kunywa kabla ya kuendesha moto au mtumbwi. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au shida ya kukojoa, mzee na mama mjamzito lazima waseme hali yao kabla ya kuandikiwa. Ikichanganywa na tramadol inaongeza hatari ya degedege. Na iwekwe mbali na watoto, kwa sababu ikizidi inaua.

Nchini Marekani dawa 3 zimepewa idhini rasmi kwa ugonjwa huu: pregabalin mwaka 2007, duloxetine mwaka 2008 na milnacipran mwaka 2009. Shirika la dawa la Umoja wa Ulaya liliangalia takwimu za dawa hizohizo na kukataa kuziidhinisha kwa fibromialjia, likiona kwamba faida ni ndogo ukilinganisha na madhara. Tofauti hiyo inaonyesha jambo ambalo mgonjwa wa Baraka anaweza kujifariji nalo: hakuna kidonge cha ajabu kilichofichwa Ulaya au Amerika. Tajiri wa Paris mwenye ugonjwa huu anaambiwa mambo yaleyale: tembea, lala vizuri, gawa kazi, jaribu dawa kwa kipimo kidogo.

Vita, kukimbia na mwili unaokumbuka

Teritwari ya Fizi imepitia vita tangu 1996. Maelfu ya familia zake zilivuka ziwa hadi Tanzania, nyingi zikiishia katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Wengine wamehama ndani ya nchi mara nyingi, wakiacha mashamba na makaburi. Wanawake wengi wamebakwa.

Utafiti katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba watu waliopitia ukatili na hofu ya muda mrefu hupata fibromialjia na maumivu mengine sugu zaidi ya wengine. Hilo halina maana kwamba kila mwenye maumivu alibakwa, wala kwamba maumivu yako «kichwani». Lina maana kwamba mwili uliokaa miaka ukisubiri risasi unaweza kusahau namna ya kuzima kengele.

Kwa hiyo kuzungumza na mtu aliyefundishwa kusikiliza ni matibabu, si maneno matupu. Njia iliyochunguzwa zaidi inamfundisha mgonjwa kutambua mawazo na desturi zinazoongeza maumivu, na kuzibadilisha hatua kwa hatua. Katika Kivu ya Kusini, hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, imeonyesha kwamba waliobakwa wanahitaji tiba ya mwili, msaada wa roho, sheria na kazi kwa pamoja. Mahali ambapo kituo cha afya kina msaidizi wa kisaikolojia, mwenye maumivu sugu ana haki ya kumwona kama mgonjwa mwingine yeyote.

Ukweli ni kwamba huduma za Fizi zimebanwa na dharura. Médecins Sans Frontières, waliofanya kazi Baraka tangu 2003, walitangaza Desemba 2020 kwamba wanaondoka katika teritwari hiyo baada ya mashambulizi dhidi ya wafanyakazi wao. Surua, kipindupindu, uzazi na majeraha ya risasi hupita mbele. Waganga waliobobea katika viungo ni wachache katika nchi nzima, na huduma yao inayojulikana zaidi iko katika kliniki za chuo kikuu cha Kinshasa. Lakini fibromialjia haihitaji mtaalamu wa Kinshasa ili kutambuliwa. Daktari wa hospitali kuu ya rejea, au muuguzi mwenye uzoefu, anaweza kuitambua na kuifuatilia.

Nyumbani, neno «mvivu» linaumiza zaidi

Kwa kuwa mgonjwa anaonekana mzima, bwana au mama mkwe anaweza kusema anakwepa kazi. Wengine wanatafuta mchawi, na kidole kinaelekezwa kwa jirani mzee. Wengine wanamfungia mgonjwa katika chumba cha maombi, anafunga kula siku nyingi na kuacha dawa. Sala haigombani na matibabu, lakini kufunga kula na kulala chini kunazidisha uchovu na maumivu.

Familia inasaidia zaidi ikimwamini mgonjwa, ikimpokea mzigo mzito, na ikimwachia kazi anazoziweza. Kumfanyia kila kitu nako hakufai, kwa sababu mwili usiotumika unauma zaidi.

Dalili zinazohitaji hospitali haraka

Si kila maumivu ya mwili ni fibromialjia. Mgonjwa asingoje kama ana homa inayoendelea, anakonda bila sababu, anakohoa zaidi ya wiki 2, kiungo kimevimba na kuwa moto, mguu au mkono umelegea au kufa ganzi, anashindwa kuzuia mkojo au choo, au maumivu ya mgongo yanamwamsha kila usiku. Maumivu mapya kwa mtu aliyepita miaka 50 nayo yachunguzwe vizuri.

Kwa wengine, kabla ya kulipia serumu nyingine, kuna maswali 3 ya kumuuliza muuguzi kwa heshima: serumu hii inatibu ugonjwa gani? Kipimo gani kimeonyesha ugonjwa huo? Na kama maumivu haya yana zaidi ya miezi 3, je, yanaweza kuwa fibromialjia? Ni vizuri kwenda na karatasi yenye orodha ya dawa zote zilizokwisha kutumiwa, za farmasi na za kienyeji, pamoja na siku maumivu yalipoanza. Karatasi hiyo haigharimu kitu, na mara nyingi inamwonyesha daktari zaidi ya kile ambacho labo inaweza kuona.